Moshi wa Samawati Nyuma ya Kilimia

Ilikuwa yapata saa tatu usiku, katikati ya Oktoba, Kilimia kilipochungulia juu ya kilima upande wa mashariki. Nilikuwa uwanjani kwa mzee mmoja mkulima wa mtama, katika kijiji kilicho mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Dodoma mjini. Nilikuja na darubini, kamera, betri ya gari na matofali manne. Mzee alinitolea kiti, akaketi na yeye, akaniuliza nasubiri nini muda wote ule. Nikamwonyesha kwa kidole.

“Kilimia? Hicho mbona kinakuja kila mwaka, mwanangu.”

Nikamwomba ahesabu nyota zake. Akakunja macho, akataja sita. Na mimi nilipata sita. Watu wengi hupata sita, wenye macho makali hupata saba au zaidi. Nikamwambia kwamba nyuma ya nyota zile kuna kitu kama moshi, moshi wa samawati, ambao mimi na yeye hatutauona hata tukikesha mpaka jogoo awike, lakini kamera itauona. Akanyamaza kidogo. “Basi niamshe ikiuona,” akasema.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya moshi ule. Kilimia ni kundi la nyota ambalo jina lake limetoka moja kwa moja kwenye kulima. Wazulu na Waxhosa huliita isiLimela, mzizi uleule wa kulima. Wazee wa pwani wana usemi kwamba kikizama wakati wa mvua huibuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua huibuka wakati wa mvua. Kwa karne nyingi watu wa sehemu hizi wamekitazama kwa macho matupu na kupanga maisha yao. Lakini picha yake ya karibu, ile inayoonyesha kilivyo hasa, wengi wetu tumeiona kwenye vitabu, imepigwa Ulaya au Marekani. Nilitaka moja iliyopigwa kutoka kwenye ardhi ambayo Kilimia kiliipa ratiba.

Darubini peke yake haitoshi. Mwaka 1610 Galileo alichapisha mchoro wa Kilimia alioutengeneza kwa darubini yake ndogo, akaweka nyota 36 mahali ambapo jicho huona sita au saba. Leo wanafalaki wanajua kwamba kundi hilo lina nyota zaidi ya 1,000. Ila moshi wenyewe, kwa sehemu kubwa, ulikataa kuonekana mpaka picha ilipoingia kazini. Mwaka 1885 ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walifunga bamba la picha kwenye darubini yenye lenzi ya sentimita 33, wakaelekeza kwenye Kilimia. Kando ya nyota iitwayo Maia kukatokea wingu ambalo hakuna aliyewahi kuliripoti. Walioambiwa wakalitafute kwa macho walitaabika kuliona.

Sababu ni rahisi ukiifikiria kwa mfano wa maji ya mgao. Bomba likidondosha tone moja moja, ukikinga kiganja hupati cha kunywa. Ukiweka ndoo chini yake na kwenda kulala, asubuhi unaoga. Jicho ni kiganja: hupokea mwanga, hutuma habari ubongoni, humwaga, hupokea mwingine, mara nyingi kwa sekunde. Haliwezi kuweka akiba. Kamera ni ndoo. Ukiacha shata wazi kwa dakika moja, kila chembe ya mwanga iliyoingia katika dakika hiyo inahesabiwa pamoja na zilizotangulia.

Na ndoo zenyewe zimekuwa bora. Filamu ya zamani ilikuwa inapoteza karibu mwanga wote ulioiangukia. Katika chembe 100 ilitumia moja au mbili, tena kadiri muda ulivyorefuka ndivyo ilivyozidi kuchoka. Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa maabara ya Bell, Marekani, walibuni kihisi cha kielektroniki cha CCD, kazi iliyowapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009. Kihisi kilicho ndani ya kamera ya kawaida ya leo, hata ile ya mtumba, hunasa zaidi ya nusu ya kinachokifikia. Vifaa vilivyokuwa vya vituo vikubwa vya utafiti miaka 40 iliyopita sasa vinaning’inia shingoni mwa wapiga picha wa harusi.

Kamera yangu ni ya aina hiyo hasa. Imewahi kupiga harusi na mahafali kabla haijanifikia. Darubini ni ya kioo, si ya lenzi: bomba lenye kioo kilichobonyea cha milimita 150 chini kabisa, na urefu wa fokasi wa milimita 750. Kuziunganisha unatoa lenzi ya kamera, unafunga mahali pake ringi ya chuma yenye uzi, unachomeka kwenye tundu ambalo kwa kawaida hukaa lenzi ya jicho. Darubini yote inageuka kuwa lenzi ya kamera. Ndivyo maelekezo yanavyosema, na ndivyo nilivyofanya usiku wa kwanza, miaka kadhaa nyuma. Nikaona weupe mtupu. Nikazungusha kitasa cha fokasi mpaka mwisho, nyota zikawa madonge makubwa kama sahani. Kitasa kikagoma. Nilihitaji kuingiza kamera ndani kwa sentimita kama tatu zaidi, na nafasi hiyo haikuwepo.

Hili linawakuta wengi wanaonunua darubini za kioo zilizotengenezwa kwa ajili ya kutazama tu. Kihisi cha kamera kimekaa ndani kabisa ya mwili wake, kwa hiyo picha inaundwa mahali ambapo kamera haiwezi kufika. Nilikata tamaa kwa wiki moja. Kisha nikaipeleka darubini kwa fundi wa vyuma mtaani kwetu. Nilimweleza kwamba kama kamera haiwezi kwenda kwa kioo, basi kioo kije kwa kamera. Akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia. Alitafuta boliti ndefu zaidi, akatoboa upya sehemu ya nyuma, akapandisha kioo ndani ya bomba. Hakuwa amewahi kushika darubini maishani mwake. Usiku huo nyota zilikuwa nukta.

Mwezi ulikuwa somo langu la kwanza, na ninamshauri kila anayeanza aanze nao. Hata simu inatosha: unaiweka mbele ya lenzi ya jicho, unatuliza mkono, unapiga. Kwa kamera iliyofungwa kwenye darubini kama yangu, mwezi unachukua takriban milimita saba kwenye kihisi. Wengi hukosea kwa kuuchukulia kama kitu cha usiku na kuacha shata wazi, wakapata duara jeupe lisilo na sura. Mwezi ni mwamba unaopigwa na jua la mchana. Sehemu moja ya 500 ya sekunde inatosha kabisa. Na usiupige ukiwa mpevu. Upige siku ya saba au ya nane, uvuli wa milima ukiwa mrefu kwenye mpaka wa giza na nuru. Hapo ndipo mashimo yake yanapopata kina.

Kwa Kilimia mambo ni mengine, maana hapo muda unahesabiwa kwa dakika, na dunia haikusubiri. Inazunguka digrii 15 kila saa. Kwa darubini yangu, nikiacha shata wazi kwa sekunde mbili tu bila kufuata mzunguko, nyota zinakuwa vistari. Ndiyo maana kuna stendi yenye injini ndogo inayogeuza darubini taratibu kinyume cha mzunguko wa dunia, mzunguko mmoja kwa saa 23 na dakika 56. Lakini stendi hiyo inafanya kazi kwa sharti moja: mhimili wake lazima uwe sambamba na mhimili wa dunia. Uelekee ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana kuzunguka.

Hapa ndipo sisi wa karibu na ikweta tunapopata shida ambayo vitabu vingi vya fani hii havina habari nayo. Mwenzetu wa Ulaya anatoka nje, anaitafuta nyota ya kaskazini, anaielekezea mhimili, kazi imekwisha kwa dakika tano. Nyota hiyo manahodha wa pwani waliijua kwa jina la nyota ya jaa. Waliosafiri na kusi kwenda Uarabuni waliiona ikipanda kutoka baharini kadiri walivyokaribia Maskati. Lakini ukiwa Dodoma, digrii sita kusini mwa ikweta, imo chini ya upeo wa macho. Haipo. Ncha ya kusini ipo, digrii sita tu juu ya ardhi, yaani nyuma ya kilima, mbuyu au paa la jirani, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu kiasi kwamba vumbi na ukungu wa chini huimeza.

Kisha stendi yenyewe. Nyingi zimeundwa kwa ajili ya nchi zilizo mbali na ikweta. Ukijaribu kuulaza mhimili mpaka digrii sita, kitasa kinagoma kabla hujafika, au fimbo ya uzito wa mizania inagonga mguu wa stendi. Matofali manne niliyokuja nayo ni ya kazi hiyo. Napanga mawili chini ya kila mguu wa kaskazini, stendi nzima inainama kuelekea kusini, na mhimili unafika pale kitasa kilipokataa kuupeleka. Mzee alitazama matofali, akatazama chombo kilichotoka kiwandani, akaniuliza kama waliokitengeneza walisahau kuwa watu wanaishi huku. Sikuwa na jibu zuri la kumpa.

Kwa kuwa ncha haionekani, mhimili unasawazishwa kwa kuzitazama nyota zinavyoponyoka. Unachagua nyota iliyo juu kabisa, karibu na mstari wa kaskazini na kusini, unaikuza kwenye kioo cha kamera, unaiacha dakika tano. Ikisogea kaskazini au kusini, mhimili umepinda kushoto au kulia. Unasukuma stendi kidogo, unaangalia tena. Halafu unachagua nyota iliyo chini mashariki, unarudia zoezi kwa ajili ya kimo cha mhimili. Ni kazi ya saa nzima, wakati mwingine zaidi. Nimewahi kuifanya mpaka mwisho, kisha nikajikwaa kwenye mguu wa stendi gizani na kuanza upya. Siku hizi naufunga kila mguu kitambaa cheupe.

Ninaipenda saa hiyo, hata hivyo. Unapoitazama nyota moja ikihama upana wa unywele kwa dakika tano, dunia inaacha kuwa sakafu. Unaisikia ikigeuka.

Na ikweta ina malipo yake. Katika mwaka mmoja, kutoka uwanja ule wa mzee, unaweza kuipiga galaksi ya Andromeda iliyo upande wa kaskazini, miaka ya mwanga milioni 2.5 kutoka hapa, na pia Msalaba wa Kusini, nebula ya Eta Carinae na Wingu Kubwa la Magellan, ambavyo mtu wa London hataviona hata siku moja akiwa kwao. Sayari nazo hupita karibu utosini mwetu, ambako mwanga wake unapenya hewa kidogo zaidi kuliko zinapokuwa chini. Watu husafiri maelfu ya kilomita kuja kupata anga ambalo sisi tunalo juu ya zizi la mbuzi.

Mpaka saa nne na robo usiku huo mhimili ulikuwa tayari. Likabaki suala la fokasi, ambalo jicho haliaminiki kulifanya. Mwaka 2005 Mrusi mmoja mpenda nyota, Pavel Bahtinov, alibuni kinyago cha kuweka mdomoni mwa darubini: kadi yenye mistari iliyokatwa kwa pembe tatu tofauti. Nyota angavu ikitazamwa kupitia kwake huota miale mitatu, na fokasi ikiwa sawa mwale wa kati unakaa katikati kabisa ya mingine miwili. Changu nilikikata mwenyewe kwa wembe kutoka kwenye karatasi ya manila. Nilizungusha kitasa, mwale ukahama, ukapita, nikaurudisha, ukakaa. Nikavua kinyago. Usipokivua utapoteza usiku mzima, na hilo pia limenikuta.

Nilipanga picha 120, kila moja sekunde 60, kamera ikijipiga yenyewe kwa rimoti ya kuhesabu muda, ili mkono wangu usiiguse. Huenda msomaji akauliza kwa nini si picha moja ya saa mbili. Kwanza, stendi ya bei nafuu haiwezi kufuata kwa usahihi muda wote huo. Meno ya gia zake yana makosa yake. Pili, likitokea la kutokea, unapoteza dakika moja badala ya usiku. Na lilitokea. Kwenye picha ya 30 na kitu bodaboda ilipita barabarani, taa ikamulika uwanja mzima. Satelaiti zilikatiza. Upepo ulivuma kwa robo saa, nyota zikawa mayai. Mbwa wa mzee alikuja kujikuna kwenye stendi. Nilipozipitia zote baadaye, zilibaki 81 nzuri.

Tisa mara tisa ni 81, na hesabu hiyo ina maana yake. Kila picha ya gizani ina chenga, yaani vidoa vya rangi vinavyotokea ovyo, havifanani kati ya picha na picha. Nyota na moshi vinabaki palepale. Kompyuta ikizipanga picha moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota, na kutafuta wastani, chenga zinaangamizana na kilicho cha kweli kinabaki. Unafuu unakwenda kwa kipeuo cha pili: picha nne zinakupa usafi mara mbili, picha 81 mara tisa. Programu za kazi hii, kama DeepSkyStacker na Siril, ni za bure, na kompyuta yangu ya miaka mingi inaziendesha, ingawa kwa kuhema.

Kuna picha nyingine ambazo hakuna atakayeziona, na bila hizo kazi haikamiliki. Nikiwa bado uwanjani nilifunika mdomo wa darubini, nikapiga picha 30 za giza tupu, kwa muda uleule na baridi ileile. Zinarekodi joto la kihisi na piseli zilizoharibika, ili kompyuta ijue cha kutoa. Alfajiri nikatandaza shuka jeupe juu ya bomba na kupiga mwanga wa kupambazuka. Hizo zinaonyesha vumbi lililo juu ya kihisi na giza la pembeni. Anayeanza huziruka, nami niliziruka mwaka mzima. Kisha anashangaa kwa nini picha zake zina madoa yasiyotoka.

Kwenye picha moja ya sekunde 60 moshi haukuonekana vizuri. Niliiangalia nyuma ya kamera: nyota nyeupe kali, na kando ya mojawapo ukungu ambao ungeweza kuwa pumzi yangu kwenye kioo. Ilinibidi nisubiri mpaka kesho yake, kompyuta ilipomaliza kuzipanga. Nikavuta mwangaza wa sehemu hafifu, taratibu, na ukatoka. Mistari myembamba ya samawati, imechanwa kama pamba inayovutwa, ikiizunguka nyota ya Merope, ikigusa Maia, ikifika mpaka nyota ya Alcyone.

Ni vumbi. Mwaka 1912 Vesto Slipher, akiwa kwenye kituo cha Lowell huko Arizona, aliuchambua mwanga wa wingu lile na kukuta unafanana na mwanga wa nyota zenyewe. Wingu haliwaki; linamulikwa. Chembe zake ni ndogo mno, na hutawanya mwanga wa bluu kuliko mwekundu, kwa namna inayokaribiana na inayolifanya anga letu la mchana kuwa la bluu. Na lililonigusa kuliko yote ni kwamba vumbi hilo si la Kilimia. Nyota zile zina umri wa takriban miaka milioni 100, zimekwisha kuondoka zilikozaliwa. Zinakatiza tu kwenye wingu lililokuwa njiani, kama msafara unaopita penye vumbi na taa zake. Mwanga niliounasa ulianza safari yapata miaka 440 iliyopita, karibu na wakati Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593.

Rangi hiyo ndiyo iliyonifanya nichague Kilimia kwa kamera hii. Kamera za kawaida zina kichujio mbele ya kihisi ili ngozi za watu zitoke na rangi sahihi, na kichujio hicho hukata sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656. Kwa harusi ni sawa. Kwa nebula nyingi ni hasara kubwa, kwa sababu wekundu huo ndio mwili wao. Canon walitoa mwaka 2005 kamera ya EOS 20Da inayouruhusu mwanga huo, na wapo mafundi wanaong’oa kichujio kwenye kamera za kawaida. Mimi sijathubutu. Ila samawati ya Kilimia inapita bila kizuizi, hivyo kamera ya mtumba haipungukiwi na kitu.

Wapenda sayari wana njia nyingine kabisa. Wao hupiga video, maelfu ya fremu kwa dakika chache, kwa sababu hewa inachemka na sayari inatetemeka kama kitu kilicho chini ya maji. Kompyuta inachagua fremu chache ambazo hewa ilitulia. Kwa njia hiyo Anthony Wesley, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akiishi Murrumbateman, Australia, aliona usiku wa 19 Julai 2009 doa jeusi karibu na ncha ya kusini ya Mshtarii ambalo siku chache nyuma halikuwepo. Kitu kilikuwa kimeigonga sayari ile. Aliwaandikia wanasayansi, darubini ya NASA kule Hawaii ikathibitisha, na Hubble ikaelekezwa huko siku chache baadaye. Kioo cha Wesley kilikuwa na upana wa sentimita 37, uwanjani kwake. Nikiwasikia watu wakisema mambo haya ni ya mataifa makubwa, namkumbuka.

Kuhusu jua nitasema jambo moja tu, na nalisema kwa uzito. Usielekeze darubini kwenye jua bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele, mdomoni mwa bomba. Si nyuma, si miwani, si filamu ya eksrei. Kamera itaungua kwa sekunde chache na jicho litapofuka. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipokuwa pete juu ya Rujewa, wilayani Mbarali, watu walijaa kutazama. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa lote kwa zaidi ya dakika sita kule Luxor, Misri, na kivuli kitapita Jeddah na Makka kabla ya kushuka Yemen na Somalia. Wasomaji wetu walioko upande huo waagize vichujio mapema. Walioko Maskati wataona sehemu ya jua ikifunikwa, na sehemu inayobaki inatosha kuunguza.

Kuna jambo linaloniuma. Kutoka barazani kwangu mjini, Kilimia siku hizi ni nyota tatu au nne, wakati mwingine doa tu. Taa mpya za barabarani ni nyeupe na kali, nyingi zinamulika juu na pembeni kuliko chini penye watu. Umeme ukifika kijijini kwa mzee nitafurahi pamoja naye, kwa sababu najua maana ya mtoto kusoma kwa koroboi. Lakini taa inaweza kufunikwa juu, ikamulika njia na si mawingu. Haihitaji fedha nyingi, inahitaji anayeifunga awe amewahi kuambiwa kuna kitu cha kupotea. Nchini Kenya, Susan Murabana amekuwa akizungusha darubini shuleni na vijijini kwa miaka, watoto wanapanga foleni kuiona Zohali na pete zake. Natamani kila mmoja wa watoto hao ashike na kamera pia, ili arudi nyumbani na kitu cha kuonyesha.

Wiki mbili baadaye nilirudi kijijini na picha niliyoisafisha studio, ukubwa wa karatasi mbili za daftari. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika na nilijua sitapiga tena mpaka mwaka mwingine. Mzee alikuwa amerudi kutoka kutayarisha shamba. Tulisalimiana, nikamwomba radhi kwamba usiku ule sikumwamsha, kwa sababu usiku ule kamera yenyewe ilikuwa haijaona vizuri. Nikampa picha. Aliishika kwa mikono miwili, akaipeleka penye mwanga mlangoni, akaanza kuhesabu. Alipofika 20 aliacha. Akapitisha kidole juu ya ule moshi bila kuugusa.

“Kumbe kina moshi kweli,” akasema. Kisha akaikunjia uso. “Lakini umekilaza vibaya.”

Sikumwelewa. Akaigeuza karatasi polepole, robo mzunguko, akaitazama, akaigeuza tena kidogo, akaishika palepale.

“Hivi ndivyo kinavyotoka kule,” akasema, akaonyesha kilima kwa kidevu.

Alikuwa sahihi. Kamera niliifunga kwenye darubini kwa pembe iliyonirahisishia kukaza boliti, na sikufikiria zaidi ya hapo. Aliingia ndani, akarudi na msumari na jiwe, na picha ikatundikwa ukutani kwake jinsi alivyoishika.